Kishimo Kilichofifia

Mpwa wangu hupima maji ya mji mzima. Asikudanganye mtu, akili hiyo kairithi kwangu, ingawa shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji. Tangu ziwa linalotupa maji ya bomba livae utando wa mwani, kijani kibichi kama rangi ya mlango iliyomwagika, hali wala halali. Mwani ule hutoa sumu ya kuharibu ini, na ini la mtoto mchanga halina ubavu. Yeye ana mtoto wa miezi saba. Mchana mlezi ni mimi, bingwa wa chupa za maziwa.

Jana nilimpelekea mtoto maabara. Nikamkuta kainamia kisahani chenye vishimo vidogo, kila kimoja na maji ya bomba la mtaa mmoja. Alikuwa ameyagandisha na kuyayeyusha mara tatu ili mwani upasuke, uteme sumu yake. Vishimo vyote vilikuwa manjano iliyoiva, isipokuwa kimoja tu, cheupe kama maji ya mvua. Nikauliza hicho ni cha wapi. Mtaani kwetu, akasema. Nikampongeza, kumbe sisi ndio tunaokunywa maji safi.

Hakucheka. "Mjomba, hapa rangi ikififia ndiyo sumu imezidi. Mtoto amekunywa nini leo?"

Nikajitutumua: chupa nzima ya maziwa ya unga, kwa maji ya bomba yaliyochemshwa mara mbili, nani kama mimi?

Kalamu ikamtoka. Akasema sumu hii haifi kwa moto. Ukichemsha unaupasua mwani na kuimwaga yote sufuriani. Tayari alikuwa anamkagua mtoto macho, anambonyeza tumbo.

"Chupa nzima? Usinitanie, mjomba, nakuomba. Tukienda kliniki nesi ataniuliza kiasi."

Aibu ikanishika. Ukweli ni kwamba mtoto alionja, akatema, akageuza uso. Na mimi sikuwa nimekunywa chai.

"Nilimalizia mimi," nikasema. "Yeye labda funda moja. Mengine yako kwenye shati langu."

Akalinusa doa la begani, akaketi puu. Kisha akapiga simu bomba letu lifungwe. Mkuu wake akataka kipimo kirudiwe kwanza. Akamjibu kitarudiwa bomba likiwa limefungwa.

Nesi alitupima mimi na mtoto, akasema turudi leo. Mtoto anacheza. Tumbo langu ndilo linalonguruma, na kila likinguruma mpwa wangu anageuka: "Mjomba, vipi?"

Namjibu ni njaa, na safari hii naomba nisiwe mwongo.