Podikasti za Kijapani na Swali la Mama

Nianze kwa kusema wazi: mimi si mtu wa lugha nyingi. Ninafundisha Kifaransa darasa la sita hapa Lushebere, na hata hicho Kifaransa, mkaguzi akiingia darasani, ulimi unanikauka. Kwa hiyo mama aliponiambia nijifunze Kijapani, nilicheka. Yeye hakucheka.

Mdogo wangu alikuwa amekufa kule Japani. Alienda kusoma, akapata kazi, akaoa mke wa huko, wakazaa mtoto mmoja mwanaume. Kila mwaka alituahidi kumleta mtoto tumuone, na kila mwaka njia ilifungwa au yeye alikosa ruhusa kazini. Halafu siku moja moyo wake ukasimama, hivi tu, mtu ambaye hata mvi hakuwa nazo. Habari ilifika kwenye telefone yangu kwa Kifaransa cha mashine, maana shemeji anaandika kwao na telefone inageuza. Ilisema ndugu yenu ameondoka, na sherehe iliisha bila ajali. Bila ajali! Nililisoma neno hilo mara kumi kule kilimani tunakopandia kutafuta rezo ya simu, nikashuka nikamwambia mama kwamba mwanawe amekufa na maziko yameisha; neno hilo sikumsomea.

Yeye aliuliza swali moja tu. "Nani alitupa udongo wa kwanza?"

Mama alizaliwa Buleusa, upande wa Walikale, na kwao mtoto mwanaume wa marehemu ndiye anatupa udongo wa kwanza. Halafu anaenda kwa wakubwa wa baba yake, anawaambia kwa kinywa chake mwenyewe: tumemlaza, amelala mahali fulani. Mpaka maneno hayo yasikike, matanga hayafungwi. Mama ni mkristo wa kweli, anaimba korali, Jumapili haikosi, lakini kwa jambo hilo hana mchezo. Alihama kitandani akatandika mkeka chini, akasema atalala hapo mpaka mjukuu wake aseme. Nanyi mnajua baridi ya milima ya Masisi. Wiki ya pili alianza kukohoa.

"Mama, nitamuandikia shemeji, mashine itageuza," nilimwambia.

"Mashine njo ilimuzika? Niko nataka sauti ya mutoto."

"Mutoto anajua Kijapani tu."

"Basi jifunze. Weye si mwalimu wa luga? Mimi Kinyarwanda nilijifunza sokoni, miezi mbili, nikiuzisha ndizi. Bila kalamu!"

Mke wangu aliinama juu ya sufuria ya sombe ili nisione anavyocheka.

Kwetu rezo haishuki bondeni. Lazima upande kilima nyuma ya shule, usimame kwenye jiwe moja tunalolijua wote, uinue telefone juu kama padri anayeinua kikombe. Jumamosi nilipanda. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia kwamba siku hizi lugha zinafundishwa kwa podikasti, vipindi vya sauti ambavyo unavishusha kwenye telefone na kusikiliza ukiwa na nafasi. Eti sikio likizoea, ulimi utafuata. Kwake ilionekana kitu chepesi.

Podikasti ya kwanza ilikuwa ya vijana wawili wanaocheka. Wanacheka mwanzo, wanacheka katikati, wanacheka mwisho, na maelezo yote kwa Kiingereza. Sasa mimi nijifunze kwanza Kiingereza, ili nijifunze Kijapani, ili nimuulize mtoto habari za baba yake? Nilikasirika mpaka nikaanza kusema peke yangu, na mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni akanipa pole. Ya pili ilikuwa kwa Kifaransa, nikamshukuru Mungu mapema mno. Ni dada mmoja mwenye furaha ya kupita kiasi. Dakika kumi na tano anasimulia alivyopenda chakula cha huko, halafu mwishoni anakugawia neno moja, kama jirani mchoyo anayegawa chumvi. Ya tatu ilikuwa habari za redio zao. Hiyo ilitoka kama maharagi yanayomwagika juu ya bati, sikukamata hata moja. Wakubwa wanasema sikio halilali na njaa. La kwangu lililala njaa Jumamosi tatu mfululizo.

Jumamosi ya ine nikampata mzee.

Sijui umri wake, ila sauti ilikuwa ya baba mzima, ya pole pole, kama katekista anayefundisha watoto wa komunyo. Anasema sentensi, anapumzika, anairudia. Chini ya kila kipindi kuna maandishi, na ukibonyeza yanageuka Kifaransa. Anazungumza juu ya mvua, juu ya bustani yake, juu ya paka. Nilishusha vipindi vyake vyote ambavyo unite zangu za kulipia simu ziliweza kubeba.

Jioni tuliiweka telefone ndani ya kopo la bati ili sauti ikue, mama akitoa maharagi kwenye maganda. Alimpenda yule mzee kuliko nilivyompenda mimi. Mzee akipumzika, mama anamjibu: "Eeh, baba."

"Anasema aje?"

"Anasema paka yake imelala."

"Leo tena paka? Masikini. Huyu baba hana watoto."

Nilijifunza kusema udongo, kwa sababu ya bustani yake. Nilijifunza maua. Nilijifunza kuuliza kituo cha gari moshi kiko wapi. Hapa Masisi gari moshi hakuna aliyewahi kuliona, lakini mimi niliuliza kituo kiko wapi njia nzima ya kwenda shuleni, mpaka ng'ombe wa jirani wakanizoea. Neno la kaburi halikuja. Neno la kuzika halikuja. Miezi miwili ilipita, na kikohozi cha mama kikaingia kifuani. Muuguzi alisema ikizidi tumpeleke hospitali ya Kirotshe, na asilale tena chini. Mama akamwambia muuguzi, kwa heshima kabisa, ashughulike na sindano zake.

Shemeji alituma ujumbe kwamba Jumapili inayofuata, saa ine za asubuhi za kwetu, mtoto atakuwa nyumbani, tunaweza kupiga simu. Sauti tu, picha rezo yetu haibebi. Nikashikwa na woga. Jumamosi nilipanda kilimani nikiwa na wazo moja: nikachukua lile neno la Kijapani la sherehe kwenye ujumbe wa kwanza wa shemeji, nikalibandika mahali pa kutafutia podikasti. Telefone ikazunguka, ikazunguka. Akatokea nani? Mzee wangu! Kumbe na yeye alishazungumza juu ya msiba, msiba wa mama yake mzazi. Nilifurahi kama mtu aliyemkuta ndugu katika mji wa wageni.

Niliketi juu ya jiwe nikasikiliza. Maua nilisikia. Wali nilisikia. Halafu likaja neno la moto. Nikafikiri ni mishumaa. Nikarudisha, likaja tena. Nikafungua maandishi, nikabonyeza Kifaransa. Walimuingiza ndani ya moto, alisema. Baadaye jamaa wakaokota mifupa kwa vijiti, wakaiweka ndani ya chungu, wakakibeba chungu mpaka nyumbani. Wengine wanakikalisha nyumbani wiki saba, wengine mwaka mzima, mbele yake maua na chakula. Alisema hayo yote kwa sauti ile ile ya paka.

Niliyasoma maandishi mara ya pili. Kwetu mnajua anayechomwa ni nani. Ni yule ambaye kundi limemuita mchawi. Hata mwizi mama yake anaomba walau wamuachie mwili autie udongo. Nikajiambia: aa-a, hiyo ni ya mzee na watu wa zamani. Mdogo wangu alibatizwa, hawawezi. Nikaanza kutafuta podikasti nyingine, ya mtu mwingine yeyote, initoe katika uongo huo. Nilirudi kwa yule dada wa furaha. Nilirudi hata kwa wale wanaocheka. Waliokuwa na kipindi cha msiba wote walisema kitu kimoja, huyu kwa haraka, yule kwa pole pole. Nilisikiliza mpaka unite zikaisha, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Kijapani kiliniingia vizuri.

Nilishuka. Mama akaniuliza kama niko tayari. Nikasema niko tayari.

Jumapili hakuenda kanisani. Alivaa kitenge chake cha korali, tukampandisha kilimani pole pole, mke wangu akimshika mkono mmoja, mimi mwingine, akisimama kila hatua kumi kukohoa. Tukamkalisha juu ya jiwe. Nikapiga. Shemeji akapokea, akasema maneno mengi ya adabu ambayo niliyajibu yote kwa ndiyo, kisha tukasikia nyayo ndogo zinakimbia, na pumzi ya mtoto kwenye simu.

Mama alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Muulize," akasema. "Nani alitupa udongo wa kwanza?"

Niliruka swali hilo. Naandika hapa bila kujitetea: niliogopa, nikaliruka. Nilichukua lile swali la kituo cha gari moshi, nikatoa kituo, nikaweka baba yake. "Papa wa doko desu ka?" Papa yuko wapi?

Mtoto hakufikiri hata kidogo. Alijibu kama unavyomjibu mtu anayeuliza kitu kinachoonekana. "Papa, uchi ni iru yo."

Na mimi, niliyeshindwa na habari za redio, niliyeshindwa na vijana wa kucheka, nilifahamu kila neno, hata lile uchi, ambalo kwao ni nyumbani.

"Anasema aje? Nimesikia papa. Amesema papa!"

"Anasema papa yake iko kule nyumbani," nikamwambia.

Mama aliondoa mikono mdomoni. Kisha akapiga kelele ya furaha ambayo sijui kifua kile kiliitoa wapi. "Nyumbani! Wamemulaza nyumbani, kwa lupango yake! Mama Maria! Na mimi nilikuwa nafikiri wamemutupa na watu asiowajua!" Kwa sababu kwetu ndivyo tunavyozika, ndani ya kiwanja, nyuma ya nyumba, kati ya migomba, karibu ili mtu asikie wajukuu wake wakicheza. Alianza kulia na kucheka pamoja. Akaninyang'anya telefone, akamuita mtoto mume wake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wanaume, akamuambia amefanya vizuri, amekuwa mwanaume. Mtoto akasema kitu, mama akamjibu "Eeh, baba," vile vile alivyomjibu mzee wa podikasti.

Mke wangu alinitazama. Hakujua ninachokijua, lakini aliuona uso wangu. Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na nafasi, na mama alikuwa mbele yangu. Sikusema.

"Sasa umuambie," mama akanirudishia telefone, "achote udongo kidogo pale kwa kichwa ya papa yake. Kiganja moja tu. Watutumie. Tutauzika hapa, na mimi niinuke pa chini."

Neno la udongo nililijua. Bustani yote ya yule mzee ilikuwa udongo. Nikalisema: "Tsuchi." Nikaongeza neno la kuomba.

"Tsuchi?" mtoto akauliza. Akauliza tena kitu kirefu kidogo, nikakamata nusu: udongo gani? Nikasikia anamgeukia mama yake, anamueleza, na shemeji anarudia: tsuchi? Kisha rezo ikakatika.

"Amekubali?" mama akauliza.

"Ameenda kumuuliza mama yake," nikasema. Hiyo ilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo nimerudi kilimani kila Jumamosi. Shemeji ameandika mara mbili na mashine imegeuza: hatufahamu vizuri udongo munaoomba, tusameheni. Nimetafuta podikasti ya kunifundisha nimjibu nini. Ziko za kuomba msamaha kwa bosi, ziko za kununua viatu, ziko za kumuelezea daktari unapoumwa. Lakini nisiseme uongo. Hata nikimuambia shemeji kila kitu kwa Kijapani safi, atakayebaki ni mama, na kwa mama sihitaji podikasti. Lugha yake ndiyo niliyonyonya nayo. Nimeketi kando ya mkeka wake jioni kadhaa, nikafungua kinywa, na kilichotoka ni kuuliza kama amekunywa dawa.

Wiki iliyopita nilitoka shuleni nikamkuta kati ya migomba, amepiga magoti, jembe mkononi, anakohoa. Alikuwa amechimba shimo dogo, la kuingiza sufuria, na kuta zake amezilainisha kwa kiganja. Nikamwambia mvua iko karibu, litajaa maji.

"Nitayachota," akasema. "Weye niambie tu, toka Japoni mpaka hapa, mzigo inafanya siku ngapi?"