Mwana Hiti Aliyepigwa Vanishi

Mpaka leo harufu ya vanishi inanitia kichefuchefu. Chanzo ni makumbusho moja ya sanaa na utamaduni wa Kiafrika, huko njia ya Bunju, yenye viyoyozi na vigae vya kujiona uso.

Mwana hiti wa ukoo wetu alikuwa akikaa Chang'ombe kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Ni kimtu cha mti, hakina mikono wala miguu, kichwani kina kishungi cha nywele za kweli. Mwali akiwekwa ndani hukabidhiwa amwogeshe, ampake mafuta ya nyonyo, amlee kama mwanawe. Siku ya kutolewa, mwali hukatwa nywele zake kidogo, zikaongezwa kwenye kile kishungi. Za mama zilikuwamo. Mama alifariki nikiwa mchanga, na hakuacha hata picha.

Mwana hiti huazimwa. Nyumba yenye mwali humchukua, ikimaliza humrudisha na kanga mpya juu. Huulizi utamrudisha lini. Ni kumtukana mtu. Basi mabwana wa makumbusho walipokuja na gari lao kumwomba, watu wapate kumwona, mama mkubwa aliwapa kama anavyompa jirani. Hata aliwauliza mwali wao hajambo. Walicheka.

Mwaka huu binti yangu akavunja ungo, tukamweka ndani, tukaenda kumfuata mwana hiti wetu.

Tulimkuta ndani ya kioo karibu na mlango wa choo, waya kiunoni, anang'aa kama mguu wa kochi la dukani. Kichwa kipara.

"Mbona wamemvua?" mama mkubwa aliuliza.

Msimamizi alikuwa dada aliyejaza shanga mpaka viwikoni. Alitoa shikamoo yake, kisha akasema, "Bibi, ile si mlitupa zawadi?"

"Zawadi? Mie nimewaazima, mwanangu. Mjukuu wangu yuko ndani ananisubiri."

Nikauliza nywele ziko wapi.

"Yale manyoya? Yalikuwa uchafu, sista, yana wadudu. Tuliyachoma tu. Ona sasa ilivyopendeza."

Nilitamani nimtapikie hapo hapo, yeye na shanga zake. Mama yangu, manyoya! Nikapiga kelele mpaka wageni wakageuka, na nadhani ni kwa kuwaonea aibu wageni hao ndiyo maana alifungua kioo, akasema tumchukue siku chache, lakini tusiiharibu.

Mama mkubwa alimpakata, akatoa kichupa cha nyonyo, akammiminia kichwani kama ilivyo desturi. Mafuta yaliteleza juu ya vanishi, yakachuruzika yote sakafuni. Akasugua kwa kiganja. Wapi. Akamlaza chini taratibu, akamfunika kanga aliyokuja nayo.

"Twende," aliniambia. "Sio yeye tena."

Tukaondoka mikono mitupu kwenda kwa binti yangu. Nyuma yetu dada wa shanga alikuwa anamwita mtu wa usafi aje afute ule uchafu.