Kilomita Sita Zisizo Sahihi

Ofisini walimbandika jina la Sahihi, na jina hilo likamfuata hadi alipostaafu. Alikuwa tarishi, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyepokea hata bahasha tupu kutoka mkononi mwake bila kutia sahihi kwenye daftari. Mkurugenzi mmoja aliwahi kumwambia, "Mzee, si unanijua? Acha hapo mezani." Akajibu, "Mimi nakujua, mheshimiwa, ila daftari halikujui." Akaganda pale mpaka mkubwa akashika kalamu. Kisa hicho alikisimulia nyumbani mara nyingi hadi wajukuu wakakijua kuliko yeye.

Yalipotangazwa matembezi ya kuchangia utafiti wa saratani za watoto, kilomita mia na ishirini kwa siku tano, naye akajiandikisha, watu walicheka. Umri miaka sitini na saba, goti bovu! Lakini matembezi yaliishia kwenye hospitali alikolazwa mjukuu wake wa miaka minane, mwenye saratani ya damu. Dawa zilikuwa zimemkata kabisa hamu ya kula. Daktari hakuzunguka mbuyu: mtoto asipopata nguvu, awamu inayofuata ya matibabu haitaanza. Mama yake alikwisha bembeleza hadi akaishiwa maneno.

Babu akaja na daftari lake la zamani. "Mimi natembea, wewe unakula. Kila kilomita kijiko cha supu, kila kijiko sahihi. Bosi ni wewe."

"Usinidanganye, Babu."

"Mimi? Uliza jina langu."

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda sawasawa. Jioni akifika kituoni hupiga simu, mtoto anakula, anatia sahihi ishirini na nne. Siku ya tatu goti likavimba mpaka suruali ikambana. Muuguzi wa msafara, dada asiyependa mchezo, akafungua mlango wa gari. "Baba, panda."

"Zimebaki sita tu, mwanangu."

"Sikuombi, Baba. Panda."

Akapanda. Jioni ile alisikia kijiko kikigonga bakuli ndani ya simu. "Zimefika ngapi, Babu?" Akijibu kumi na nane, vijiko sita vitabaki bakulini. "Zote," akasema, "ishirini na nne." Kesho yake goti lilipata nafuu, ila ule uongo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu aliyewanyima wakurugenzi raha kwa ajili ya sahihi, leo kamfanya mtoto mgonjwa atie sahihi za uongo!

Siku ya tano, saa kumi alasiri, waliingia hospitalini kwa makofi. Wakamvisha nishani, hotuba hakuzingoja. Wodini alimkuta mjukuu amekonda kuliko alivyomwacha. Mtoto, aliyekwisha kula vijiko vya siku ile, akamnyooshea daftari, mistari yote mia na ishirini imejaa.

"Bosi, hizi sita si sahihi," akasema. "Nilipanda gari."

Mama mtu alimkonyeza anyamaze, lakini maji yalikwisha mwagika.

"Mbona ulisema zote?"

"Niliogopa hutakula."

Mtoto akafunua kurasa polepole, akaweka kidole. "Na hizi tisa si sahihi. Mama alipotoka niliimwaga supu kwenye sinki. Niliogopa hutatembea."

Mama yake akakaa kitandani akicheka, huku machozi yanamtoka.

Katika kazi ya utarishi daftari halifutwi. Barua ikikosea mlango, unairudisha njiani mpaka ifike. Babu akashuka chini, akamuuliza mlinzi kuzunguka jengo lile ni mita ngapi. Mia tatu. Basi ni mizunguko ishirini. Akaanza, nishani ikimning'inia shingoni, na juu dirishani mtoto akakaa na bakuli la vijiko vyake tisa. Kila akipita, babu anainua mkono, mtoto anainua kijiko.

Mzunguko wa kumi na mbili akakuta dirisha tupu. Akasimama. Mama akachungulia: "Ametapika, Baba! Anasema usisimame, anaanza upya!" Babu akaendelea kuchechemea, na alipozunguka tena mtoto alikuwa amerudi, uso umempauka, kijiko mkononi.

Alipomaliza alipanda ngazi akishikilia ukuta. Mtoto alimwonyesha bakuli tupu, akatia sahihi sita mpya, kisha akamgeuzia daftari na kumpa kalamu. "Vijiko vyangu tisa hivi hapa. Pokea."

Babu alibaki anaishangaa kalamu. Miaka yote ile alikuwa mpelekaji. Mpokeaji hajawahi kuwa hata siku moja.

"Lakini Bosi, si unanijua?"

"Mimi nakujua, mheshimiwa," akasema mtoto, "ila daftari halikujui."

Babu akatia sahihi.