Sindano ambayo Kabagwira hakuichoma

KIGALI, Desemba 1994. Saa mbili asubuhi Winifred Kabagwira anashika kichupa cha kwinini, lakini hakivunji. Anakigeuza, anasoma maandishi yake ya Kifaransa kwa sauti, taratibu. Kina mama kwenye benchi la zahanati hii ya Kagugu wanatazamana.

"Wacha waseme mimi mzito," anasema. "Wiki mbili zilizopita nilikuwa mwepesi, nusura niue mtoto."

Kabagwira, miaka 23, ni muuguzi msaidizi. Alizaliwa ukimbizini Mbarara, Uganda, akafunzwa kazi mwaka mmoja katika hospitali ya misheni, na Agosti akarudi nchini na mama yake na wadogo zake wanne. Zahanati hii ilikuwa na wauguzi sita waliosajiliwa. Watano waliuawa Aprili, katika mauaji ya kimbari. Amebaki Générose, na wagonjwa themanini kwa siku.

Siku ile aliletwa Keza, wa miaka minne, mwili unawaka homa. Kule Mbarara wasaidizi walifundishwa kuhesabu vichupa: mtoto wa kilo kumi na tano, nusu kichupa. Kabagwira akavuta nusu.

"Iko miligramu ngapi?" Générose akauliza kutoka mezani.

"Nusu, dada."

"Sikuuliza nusu. Miligramu!"

Hakujua. Générose aliruka akamdaka mkono, sindano imeshagusa paja. Kichupa kile cha msaada, kidogo vilevile kama vya Mbarara, kilikuwa na dawa mara mbili. Jamani! Hata mwandishi aliposimuliwa alishika kichwa.

"Nilimwomba dada anisomee kile kichupa neno kwa neno," anasema Kabagwira.

Wakati huo jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kozi ya mwaka mmoja ya kuwapa wasaidizi cheti, ambayo angeisoma huku anafanya kazi. Uuguzi kamili ni miaka mitatu, tena bwenini. Zahanati hailipi fedha bado, inatoa maharage, unga na mafuta ya kupikia. Akiondoka, nyumbani watakula nini?

"Mama alilia. Akasema, 'Si wote hapa wanakuita muganga, daktari kabisa? Unataka nini tena?' Mimi hilo ndilo linanitisha! Wananiita muganga, na sijui ninachomchoma mtu."

Alilifuta jina kwa mkono wake, akaliandika kwenye orodha ya miaka mitatu. Anaanza Januari. Générose, atakayebaki peke yake hadi apatikane msaidizi mwingine, ameahidi kuigawia familia hiyo nusu ya chakula chake.

"Nikimzuia, ataua mtu," anasema, na hatanii.

Juzi Nyirarukundo, mama yake Keza, alileta parachichi za shukrani, mtoto mzima mgongoni. Kabagwira hakuzipokea. Alimweleza yote, tangu kichupa hadi mkono uliodakwa.

Nyirarukundo aliziweka parachichi kwenye benchi.

"Nenda usome," akasema. "Nilikuwa na watatu, nimebaki na huyu. Ukimaliza, rudi hapahapa."