Sahani ya Baba Mezani Meksiko

Familia ya mume wangu Meksiko naipenda: wanabishana mezani hadi sahani zinapoa, na kila Novemba wanawaandalia marehemu wao meza yenye picha zao na vyakula walivyovipenda. Mwaka jana mama mkwe aliweka na picha ya baba yangu mzazi, akaniuliza alipenda nini. Nikajibu upesi: kuku. Akampikia kuku wa pilipili na kakao.

Nilipofika kwetu Bunia kumsalimia mama, nikamsimulia hayo jikoni kwake mtaani Ngezi, najisifu kabisa. Mama akaacha kusonga bugali.

“Kuku ulipendaka weye. Baba yako alipendaka makayabu. Ulikuwa mutoto, ukalia kwamba ile samaki ya chumvi inanuka. Njo maana akanikataza kuipika tena.”