Herufi ya Tisa kwenye Rweya

Tarehe tatu Oktoba 1972, mchana, tulimpoteza farasi jike kwenye rweya ya Ngenge, yaani ule uwanda wa majani ulio nje ya kijiji. Hakuwa wetu. Alikuwa wa kituo cha mifugo alikofanya kazi mume wangu. Mume wangu naye alikufa miaka mingi baadaye, kwa homa. Alipofariki watu walikuja, wakatandika nyasi sakafuni, wakakaa nami mpaka matanga yakaisha. Kwa farasi hakuna aliyekuja kukaa. Ndiyo maana nimeanza na yeye.

Tulihamia Ngenge kutoka kwenye vibanja vya wazee wetu, mashamba yao ya migomba, kule juu, ambako kila mtu alijua babu wa jirani yake amezikwa penye mgomba upi. Kijiji cha ujamaa kilitukusanya watu wa kila upande wa Muleba, na wengine wa Bukoba mjini. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuja, na hakuisema yote. Mtu akikukaribisha kahawa ya kutafuna, ulingoja kwanza yeye atafune.

Daktari wa mifugo pale kituoni alikuwa Mzungu, na huyo farasi wa kijivu alimleta yeye. Alimchoma sindano za ugonjwa wa mbung'o kwa mkono wake. Mume wangu alikuwa mhudumu wa ng'ombe. Daktari alimwona jinsi anavyotulia na wanyama, akaanza kumfundisha kupanda.

Hakumfundisha kupanda kwa safari. Ulikuwa mchezo wa kumwongoza farasi kwa utaratibu: aende hatua, aende mchakamchaka, azunguke duara bila kulivunja, asimame miguu minne sawasawa kama meza. Walipima uwanja kwenye rweya, mrefu kuliko upana wake, wakapanga madebe manane kandokando. Kila debe lilipakwa chokaa na kuandikwa herufi moja kwa lami. Herufi zilionyesha pa kugeukia na pa kubadili mwendo. Mchezo unaruhusu mtu asimame pembeni asome maelekezo kwa sauti, na kwa kuwa nilifika darasa la nne kwa masista, kazi hiyo ikawa yangu.

"A, ingia kwa mchakamchaka! C, geuka kulia! B, duara!"

Jirani yangu tuliyekuwa tunateka naye maji alisimama siku nzima kutuangalia. Kesho yake kisimani akasema mbele ya wanawake wote, "Mama, kumbe elimu ya watu wazima imefika kwa farasi kabla ya kufika kwetu!"

Wakacheka, nami nikacheka. Lakini wanaume hawakucheka vizuri. Mume wangu alipopita njiani juu ya farasi, kuna waliovua kofia kwa dhihaka. "Pisheni, Mukama anapita!" Watemi hao tuliowaita Mukama walikuwa wamekwisha kuondolewa, ardhi yao imegawanywa, na hapa kuna mtu amekaa juu kuliko wenzake. Nilisikia mmoja akiuliza, bila kucheka, "Huyu anajifunza kutawala nani?"

Mume wangu alitaka kitu kimoja tu. Mpandaji akikosea njia, mwamuzi hupiga kengele. Yeye alitaka amalize mchezo wote, mbele ya watu, kengele isilie.

Sabasaba ya kwanza tuliyokwenda Bukoba kushindana, jike alisafirishwa kwa lori la kituo, sisi tukalala kwa shangazi yangu, mtaa wa Bilele. Wapandaji walikuwa wanne. Daktari alikuwa ametuonya kwamba kusema na farasi kunakatwa alama. Hilo lilimshinda mume wangu. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe hamgusi mnyama bila kumsemesha. Humsifu, humwita mama, humwambia habari za nyumbani. Siku hiyo alifunga mdomo. Jike alivyoona kimya, akadhani hakuna mtu mgongoni. Alifika penye debe la pili, akaruka nje ya uwanja, akaenda kusimama karibu na wapiga tarumbeta. Kengele ikalia. Aliporudishwa akafanya vilevile. Ikalia tena, tukaambiwa basi.

Shangazi alitupa matoke, akamtazama mume wangu anavyokula kidogo. "Waitu, mwanangu, ni farasi tu," akamwambia.

Mwaka mzima alijifunza kuhamisha maneno kutoka mdomoni kwenda kwenye miguu na vidole. Alikaa siku nyingi akimzungusha jike duara moja, duara la kushoto tu, kwa sababu upande huo alikuwa mgumu. Kuna siku walirudi wote wawili wamelowa jasho na wamenuniana. Kuna siku alikuja ananiambia, "Leo nimefikiri tu kusimama, akasimama." Sabasaba iliyofuata kengele ililia mara moja. Akawa wa pili.

Mwezi mmoja baadaye daktari alimaliza mkataba wake, akaondoka. Jike akabaki kituoni mikononi mwa mume wangu.

Septemba ndege zikaja kutoka ng'ambo ya mpaka, mabomu yakaanguka Bukoba. Habari ilifika Ngenge kabla ya jioni, na kila aliyeileta aliiongezea kitu. Tuliambiwa tusianike nguo nyeupe, tusiwashe moto nje. Watu waliangalia juu, kisha wakaanza kuangaliana.

Sisi tulikuwa na madebe manane meupe kwenye rweya, yenye herufi.

Mume wangu aliyapaka tope. Nilimwambia ayaondoe kabisa. Akasema akiyaondoa jike atasahau. Tope likaleta maneno mabaya kuliko chokaa, maana sasa tulionekana tunaficha.

Kamanda wa mgambo alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Mcheshi, mpenda rubisi, pombe yetu ya ndizi, tena mwepesi kusaidia mtu kuezeka. Alikuja jioni moja na kahawa yake mwenyewe kwenye kijaluba, akatafuna ya kwanza, akatupa nasi.

"Ndugu," akamwambia mume wangu, "yale madebe yako yanasema nini?"

"Hayasemi. Yanaonyesha pa kugeukia."

"Farasi anajua kusoma?"

"Hajui."

"Wewe je?"

"Mimi kidogo."

"Basi mkeo anapigia nani kelele rweya nzima?" Akacheka, tukacheka. Kisha akaacha kucheka peke yake, mapema kuliko sisi. "Nimeyahesabu, ndugu. Ni manane. Mkeo anataja herufi tisa. Hiyo X iko wapi?"

Mume wangu alikuwa mtu wa kusema kweli hata inapomdhuru. "X haina debe," akasema. "Iko katikati ya uwanja. Haiandikwi."

"Haiandikwi, lakini iko."

"Iko."

"Na nani anaiona?"

"Mpandaji anaikadiria kwa macho. Mwamuzi akikaa mwisho wa uwanja anaona kama umeipata."

"Mwamuzi yupi?"

"Daktari. Ameondoka."

Kamanda alitafuna polepole. "Ameondoka," akasema. "Haya. Laleni salama, mama."

Kesho yake tulikuwa shamba la kijiji, kupalilia mahindi. Kamanda na vijana wake wawili hawakuwapo asubuhi. Walifika jua limepanda, wakaingia kwenye mstari kama kawaida. Udongo wa shamba lile ni mweusi. Majembe yao yalikuwa na udongo mwekundu, na wekundu huo ni wa rweya. Niliutazama mpaka kamanda akanitazama.

Jioni nilimwambia mume wangu. Alikwenda rweya peke yake. Aliporudi akakaa kizingitini kuvua viatu.

"Wamechimba kweli," akasema. "Pale katikati. Walifikiri tumezika redio, au dawa, sijui. Wamefukia."

"Wamefukia vizuri?"

"Wamerudisha na majani juu yake. Nimepakanyaga, nikarukaruka. Hapabonyei."

"Kwa nini mtu arudishe majani, kama hafichi?"

"Labda ameona haya."

Mimi sikuamini kwamba ni haya. Hata leo, nikipima upande huu na upande ule, sijui. Huenda alirudisha majani kwa adabu, kama mtu aliyeingia nyumba ya mwenzake akakuta hakuna alichofuata. Huenda alijua anachokifanya.

Siku mbili baadaye likaja agizo kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji: mhudumu wa ng'ombe aonyeshe hadharani madebe yale ni ya nini. Akikataa, habari ipelekwe wilayani kwa watu wa usalama. Nilimsihi mume wangu awaeleze kwa maneno. Akaniambia, "Nikikataa kupanda, watasema kweli ipo."

Mchana wa tarehe tatu kijiji kizima kilikuja. Mwenyekiti alikalia kigoda mwisho wa uwanja, penye debe la C, mahali pa mwamuzi hasa, bila kujua. Kamanda alisimama nyuma yake. Mume wangu alivaa shati lake la kanisani. Nilisimama pembeni na kuanza.

"A, ingia kwa mchakamchaka!"

Jike alikuja kwenye mstari wa katikati, masikio mbele. Niliona majani ya pale katikati, rangi yake imefifia kuliko mengine. Kwato zikapita juu yake, moja, nyingine, hazikuzama. Nikapumua. Nilisoma duara la kulia, nikasoma la kushoto, lile gumu, akalizunguka kama lililochorwa kwa kamba. Yule jirani yangu wa kisimani alikuwa anatangulia kuangalia debe kila nilipotaja herufi, kisha farasi anafika, naye anaitikia kwa kichwa. Wameelewa, nikawaza. Hata mwenyekiti alitabasamu. Uso wa kamanda sikuuweza kuusoma.

Ilibaki sentensi ya mwisho.

"A, pita katikati! X, simama, salimu!"

Jike alisimama. Miguu minne, sawasawa, kama meza. Mume wangu alishika hatamu kwa mkono mmoja, akavua kofia, akainamisha kichwa kumwelekea mwenyekiti. Hakuna kengele. Mwenyekiti akaanza kupiga makofi.

Ukwato wa kulia wa mbele ukatitia. Polepole kwanza, kisha ardhi ikaachia yote. Jike alijivuta kujitoa, na mfupa ukavunjika kwa mlio niliousikia pale nilipokuwa. Mume wangu alirushwa, akaamka, akamshika kichwa. Akaanza kumsemesha, kwa Kihaya, kwa sauti, maneno yote aliyokuwa ameyaweka tangu Sabasaba ya kwanza.

Mtu wa kituo mwenye bunduki aliitwa. Ilimchukua muda kufika. Kijiji hakikuondoka, na hakuna aliyekaribia.

Walipokwisha kumpiga risasi, mume wangu akasema azikwe palepale. Kamanda ndiye aliyeleta jembe wa kwanza. Alichimba mpaka jioni bila kupokezana na mtu, akipanua shimo lilelile. Mume wangu alichimba upande wa pili. Nilimwangalia kamanda mikono, nilimwangalia machoni, sikupata kitu.

Tulipokwisha kufukia, kamanda alizunguka uwanja, akaokota madebe, moja ndani ya lingine kadiri yalivyokubali, akayafunga kwa kamba.

"Ushahidi," akamwambia mwenyekiti.

Msimu wa mvua ulipoanza nilipita kwake kwenda kisimani. Debe la E lilikuwa chini ya paa lake, linakinga maji, na tope letu lilikwisha kuoshwa. Alikuwa mlangoni. Akanisalimu kwa Kihaya, "Kampile, mama." Nikaitikia, nikaenda kuteka maji.