Makato ya Jina Langu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na akaunti ya benki, nami sikuwa nayo. Kwa jambo hilo peke yake ningeweza kumchukia mpaka kaburini. Tulikuwa tukisuka vikapu pamoja pale Ushirombo, vile vya nyasi vinavyobanwa hata maziwa hayavuji, na mtawa mmoja wa misheni akatupatia wanunuzi Ulaya. Vyangu vilikuwa vizuri kuliko vyake. Nalisema hadi leo, na asikie akitaka.

Lakini malipo yalikuja kwa jina lake. Sababu niliielewa. Kila fedha zilipotumwa, benki ya huko ilikata, ya Dar es Salaam ikakata, na ya Kahama nayo haikukubali kubaki nyuma, na makato hayakujali zimetumwa nyingi au kidogo. Zikija kwa mkupuo mmoja, tulikatwa mara moja. Basi wifi alizipokea zote, akanipa zangu palepale. Hakunidhulumu hata senti, na hilo lilinikera zaidi, maana nilikosa pa kumshika.

Kilichoniuma ni lile benchi. Siku ya malipo tulipanda lori hadi Kahama, tukakaa benki kusubiri, na karani akaita dirishani majina yake yote matatu, kwa sauti, mbele ya wanunuzi wa pamba na maofisa. Wifi aliinuka polepole akinyoosha khanga, kama bibi harusi. Mimi, tangu nijifungue, nilikuwa Mama Fulani tu, kwa mume, sokoni, hata kanisani. Nilibaki nimemshikia kikapu chake. Wivu ulinikaba, acha tu.

Mwaka mmoja nikamwomba mtawa awaandikie wanunuzi wagawe malipo, yangu yaje kwangu. Nikafungua akaunti. Mume wangu alinuna, kwani tulikuwa tunatafuta mabati na nyasi za paa zilikuwa zimeoza, mvua inatunyeshea kitandani. Wifi alinikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu kwamba chawa ni wangu.

Siku ikafika. Tulilala kwa ndugu Nyasubi, palepale Kahama, asubuhi tukawa benchini. Wifi akaitwa, akaenda, akarudi. Kisha karani akaita jina jingine. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, amekunja uso. Nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo mwanamke anayetuchelewesha.

"Wifi," akaninong'oneza, "ni wewe."

Niliinuka, nikaenda dirishani. Nilichopewa kilikuwa pungufu. Makato yalikuwa yameondoka na mabati karibu nusu. Njia nzima ya kurudi nilisubiri wifi anicheke, hakunicheka. Alisema tu kwamba mwakani tungeweza kurudia utaratibu wa zamani, na mabati yangetimia.

Nilikifikiria kitanda chetu. Nilimfikiria pia yeye akiinuka peke yake tena, na mimi na kikapu chake.

"Waache wakate," nikamwambia.

Masika ile tulinyeshewa kama kawaida. Mume wangu alikuwa akisogeza sufuria chini ya tundu, maji yakimwingia shingoni, na hasira zikampanda. Hakuniita kwa jina la mtoto. Aliniita majina yangu, yote matatu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wifi.

Nikaitika.